Sakafu ya Kumrudisha Kaltun

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya kumi na tisa ya kuwa baba. Siku ya kumi na tisa bila mke nyumbani. Furaha moja, huzuni moja, hesabu ni ile ile.

Leo nimekwenda kwa Daud kumwona binti yangu Yurub. Daud ni kaka yake mke wangu Kaltun, yaani seedi yangu, na anauza feni na viyoyozi mjini. Nyumbani kwake ana viyoyozi viwili. Kimoja kingetosha. Kaltun alipojifungua alipelekwa huko kwa mama yake kukaa arobaini, kama ilivyo kwetu: siku arobaini mama na mtoto hawatoki, mama anakandwa, anafukiziwa uunsi, ubani wetu, anakunywa supu ya mbuzi. Siku ya arobaini wanawake wanawatoa na kuwasindikiza hadi nyumbani kwa baba. Yaani kwangu. Yaani hapa.

Hapo ndipo penye kisa. Mama mkwe wangu, Shamso, ametoa hukumu leo. Hakuniambia mimi. Mimi na yeye hatutazamani usoni, tunaoneana haya inavyotakiwa. Aliuambia ukuta, nami nimesimama upande wa pili wa ukuta. Alisema nyumba ya Jelle, ndiye mimi, pale mtaa wa Iftin ni tanuri. Alisema mabati yake yanapiga kelele kwa joto. Alisema Yurub hatarudi humo mpaka atembee kwa miguu yake mwenyewe. Mpaka atembee! Mwaka mzima! Daud akakohoa kwa furaha.

Niseme pia kwamba mama mkwe mwenyewe alikuwa amekaa chini ya kiyoyozi cha mwanawe na blanketi mbili magotini, analalamika kwamba mifupa imekaza. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Daud hakizimi kile kitu. Wateja wakipita wanatakiwa wakisikie.

Nilikaa na Yurub dakika nne. Alinishika kidole, akakibana kwa nguvu. Sijui kama alinitambua. Nilipotoka nilisimama nje kidogo, nikijifanya natafuta ufunguo.

Nimerudi nyumbani adhuhuri. Nimefungua mfereji kutawadha, maji yakaniunguza mkono. Tangi letu ni jeusi, liko juu ya paa, na jua la Garissa halina huruma. Kila mtu mjini anajua hili, ndiyo maana maji ya kutawadhia huwekwa kwenye mtungi kivulini. Mimi husahau. Nina mambo mengi kichwani.

Zimebaki siku ishirini na moja. Nitaipoza nyumba hii. Namna gani, bado sijajua.

Jumapili, 6 Julai

Nimejua!

Binamu yangu Abdow, aliyeko Norwei, ametuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kunipongeza kwa mtoto. Dakika mbili zilikuwa za mtoto. Tisa zilikuwa za nyumba yake mpya.

Anasema wakati wa baridi huko kope zinaganda, lakini yeye ndani anatembea miguu mitupu. Hana jiko wala mashine ya upepo. Chini ya sakafu kuna paipu ndefu, imelazwa kwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, chumba kizima. Maji ya moto yanapita humo polepole, yanaipasha sakafu, na sakafu inawapasha watu. Hakuna kelele. Hakuna vumbi la kupeperushwa. Pembeni na katikati ni joto lile lile. Nilimuuliza kwa ujumbe kama maji yanachemka. Akatuma mwingine, wa kunicheka. Digrii thelathini na tano zinatosha kabisa, alisema, kwa sababu chumba chote ndicho jiko. Akanikumbusha ukuta wa duka tuliokuwa tunaegemea utotoni. Ulikuwa unapigwa na jua mchana kutwa, na baada ya magharibi ukikaa karibu nao mgongo unapata joto hata kabla ya kuugusa. Ni ukuta ule ule, ila umelazwa chini.

Nilikuwa karibu kuzima simu. Nani anahitaji sakafu ya moto Garissa? Halafu akataja kitu, kwa kupita tu. Majira ya joto wengine hupitisha maji baridi kwenye paipu hizo hizo, na sakafu inanyonya joto la chumba na la miguu.

Hapo nimerudia mara saba.

Maji baridi! Bila kiyoyozi! Daud atafunga duka. Na paipu ninazo, zilibaki kwenye shamba la matikiti kando ya Tana. Mto ulipofurika ulichukua matikiti, ua na kibanda, ukaniachia paipu. Kaltun alitaka zitupwe. Nilimwambia zitafaa siku moja, naye akaangalia pembeni jinsi anavyofanya.

Jumatatu, 7 Julai

Nimetoka ofisi ya mifugo mapema, nikamleta Mowlid. Mowlid ni fundi mzuri, ana tabia moja mbaya: anauliza maswali. Leo ameuliza maji baridi yatatoka wapi. Nikamwambia maji kwa asili yake ni baridi. Akatazama paa.

Mpango ni wangu, ameuchora yeye. Tangi liko juu, kwa hiyo maji yatashuka yenyewe, yatazunguka chini ya sakafu ya sebule na ya chumba cha nyuma, yatatokea kwenye pipa uani. Jioni tunayarudisha juu kwa pampu ndogo. Nimesisitiza kila chumba kiwe na koki yake. Mowlid hakuona sababu. Abdow anazo nane.

Mowlid alitazama paa tena, akaanza kusema, "Lakini Jelle, hiyo tangi..." Nikamkatiza. Fundi akiachwa amalize kila sentensi, nyumba haijengwi.

Jumatano, 9 Julai

Abdow amejibu. Chini ya paipu lazima kuwe na kitu cha kuzuia, la sivyo unaihudumia ardhi badala ya chumba. Huko wanatumia mbao za povu gumu. Nimezunguka soko lote, hakuna.

Lakini povu ninalo. Godoro la wageni! Nene, jipya, bado lina nailoni. Lilinunuliwa kwa ajili ya siku mama mkwe atakapokuja kukaa nasi. Nilitafakari sana. Bila godoro, mgeni atalala wapi? Na kama hana pa kulala, atakuja? Faida juu ya faida.

Nimelikata vipande kwa kisu cha jikoni. Mowlid amesema litabonyea chini ya zege. Nimemwambia aweke imani. Akasema imani anayo, zege ndiyo haina.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya.

Mowlid alikataa kumwaga zege kabla ya kujaza paipu maji na kuziacha usiku kucha, aone kama zinavuja. Abdow naye alisema hivyo hivyo. Niliona wananichelewesha, lakini nikakubali kwa hisani. Tukafungua koki.

Nilikuwa nimesahau kwamba matikiti hunywa. Zile paipu zina tundu kila baada ya shubiri mbili, za kudondoshea mche mmoja mmoja. Sebule nzima ikaanza kuruka maji. Mengine yalifika dari. Mito ya Kaltun imelowa. Picha yetu ya harusi imelowa upande wangu.

Mowlid alisimama katikati, maji yanamchuruzika kidevuni, akasema kwa upole, "Jelle, hii baibu iko na mashimo mingi." Nikamwambia nimeona.

Tumezitoa. Ile paipu kubwa iliyokuwa inaleta maji kutoka mtoni haina tundu hata moja, na imetosha chumba cha nyuma na sebule karibu yote. Imebaki kona moja karibu na mlango haina kitu chini. Nani hukaa mlangoni?

Jumamosi, 12 Julai

Zege imemwagwa! Laini, ya kijivu, inang'aa. Nilisimama mlangoni nikaitazama. Hiyo ndiyo nyumba ya binti yangu.

Kisha Daud akaja "kuona tu". Nikamwambia asikanyage. Akasema hakanyagi. Akakanyaga. Kiatu namba arobaini na nne, pale pale karibu na mlango, kisigino hadi kidole. Akaomba radhi mara tatu huku akicheka mara nne. Aliniuliza hiki ni kitu gani. Nilimjibu kwa heshima kwamba ni mwisho wa feni. Akaniuliza kama nataka feni.

Mowlid alisema anaweza kuusawazisha ule unyayo. Nimekataa. Uachwe, uwe ushahidi.

Chumba cha nyuma pembeni sakafu imebonyea. Kidole kimoja tu. Ukiweka kikombe hakimwagiki kama hujakijaza.

Jumatano, 16 Julai

Mowlid ameagiza sakafu isikanyagwe mpaka Jumapili. Nalala uani chini ya mwarobaini. Upepo wa Julai ukianza alfajiri ni mkali, nimejifunika shuka mbili. Wakati kama huu wazee husema mifupa inaongea. Yangu ilikuwa inanung'unika tu.

Kaltun ametuma picha ya Yurub akipiga mwayo. Mdomo wote wazi, ngumi mbili juu, kama mtu aliyekataa kutia saini. Nimeitazama mpaka chaji ikaisha. Halafu nikakaa nayo simu mkononi hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Julai

Ushindi! Ushindi!

Baada ya sala ya alfajiri nimefungua koki zote mbili. Maji yamepita yakilia kidogo chini, kisha kimya, kisha yakatoka kwenye pipa uani. Nusu saa baadaye nimevua viatu nikaingia. Baridi! Miguu yangu yote miwili! Nimelala chali kwenye zege, mikono nimeitandaza, nikahisi joto la mwili linaondoka kupitia mgongoni taratibu. Kipimajoto cha mtoto nimekiweka sakafuni kikakataa kusoma, kwa ubaridi.

Nimefunga koki saa mbili, nikabaki ndani siku nzima kuhakikisha. Saa nane mchana mabati yanalia juu, na chini sakafu bado ina ubaridi wake. Abdow alieleza: zege ni nzito, haipokei haraka na haitoi haraka. Ukiipa kitu asubuhi inakukumbuka nacho hadi alasiri. Watu wangekuwa hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Jana nilifunga koki saa mbili, leo nilichelewa kazini nikasahau. Zimebaki wazi mchana kutwa. Niliporudi jioni nimekuta mbuzi watano wa jirani yangu Saynab sebuleni. Wamelala wamejinyoosha, macho wamefumba, mmoja anakoroma. Haijawahi kutokea. Mbuzi wanajua pahali palipo na baridi, hata wataalamu watakubali.

Nilipowafukuza nimegusa sakafu. Ilikuwa na joto. Jingi. Bila shaka la mbuzi. Watano, na manyoya yale.

Nimeandika hapa kama funzo: mlango ufungwe.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kwa Daud kutangaza rasmi. Nilisimama upande wangu wa ukuta, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba nyumba iko tayari, kwamba ni baridi kuanzia chini kwenda juu bila umeme, na kwamba naomba mke wangu na binti yangu warudi kwao Jumamosi, siku ya arobaini, wakisindikizwa inavyofaa.

Mama mkwe akauambia ukuta kwamba atakuja kuona kwa miguu yake. Kama nyumba inakalika, Kaltun atabaki. Kama haikaliki, wote wataondoka pamoja jioni ile ile, na habari hiyo isifunguliwe tena. Halafu akapiga chafya na kumwomba Daud apunguze kile kiyoyozi. Daud akasema kimepunguzwa. Hakikupunguzwa.

Kaltun alikuja mlangoni na Yurub begani. Amepungua, amependeza, ana hina mikononi. Nilitaka kusema mambo mengi, nikasema habari ya sakafu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu kwa sauti ya chini: siku hiyo nitafungua maji saa ngapi? Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Alinitazama. Nadhani ni kwa mapenzi.

Jumamosi, 26 Julai. Asubuhi

Siku yenyewe. Nimefungua maji alfajiri, nimefunga saa mbili kama kawaida. Sakafu safi kabisa. Mkeka umetandikwa, uani kuna turubai la wanaume, pilau la mbuzi linapikwa kwa Saynab.

Wageni ni baada ya alasiri. Nimefikiri: kama nusu saa ya maji inaleta ubaridi ule, saa tatu zitaleta nini? Leo si siku ya kubania. Nitafungua koki zote mbili hadi mwisho baada ya adhuhuri, niende kuchukua soda na barafu. Wakifika, watetemeke!

Jumamosi, 26 Julai. Baada ya magharibi

Niandike haraka kabla ya kuishiwa na ujasiri.

Nilichelewa kwenye barafu. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wameshafika, wananyanyua sauti za furaha njiani, Kaltun katikati amevaa guntiino mpya, Yurub amefunikwa, chetezo cha uunsi mbele. Wanawake kumi na nane. Mlangoni wakavua viatu, kama mtu mwingine yeyote anayeingia nyumba ya Mwislamu. Nikasimama uani na wanaume, kifua mbele, nikisubiri sifa.

Sauti za furaha ziliingia ndani. Kisha zikabadilika.

Nilichungulia dirishani. Wanawake walikuwa wanaruka. Mmoja amesimama kwa mguu wa kulia, mwenzake kwa wa kushoto, wameshikana. Mwingine amepanda juu ya mto. Wengine wote wamesukumana hadi kwenye ile kona ya mlangoni isiyo na paipu, kumi na tatu katika mahali pa watatu, wamesimama juu ya unyayo wa Daud. Saynab akapaza sauti, "Wallahi hii si sakafu, hii ni jiko! Jelle amewasha moto chini ya nyumba!" Kaltun alikuwa amebaki nje ya mlango na mtoto begani, na viatu vyake miguuni. Hakuvivua. Yeye peke yake hakuvivua.

Nilikimbia kufunga koki. Niliishika nikaungua mkono. Hapo ndipo picha yote iliponijia: tangi, jeusi, juu ya paa, adhuhuri. Nilikuwa nimeyachukua maji yote ya moto ya nyumba hii na kuyatembeza kwa uangalifu mkubwa chini ya miguu ya wageni wangu. Na kufunga hakukusaidia kitu. Zege haitoi haraka. Kipimajoto cha mtoto kimekataa tena, kwa sababu nyingine.

Daud alikuwa ameleta zawadi: feni ya kusimama, ina utepe mwekundu. Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke. Aliiweka chini polepole, akanishika bega, akasema pole, seedi. Kichwani nikaona Kaltun anaondoka, nikaona mwaka mzima, Yurub akijifunza kutembea kwenye vigae vya mtu mwingine. Nilikaa juu ya katoni la soda. Sikujali nani ananiona.

Kisha mtu akauliza mama mkwe yuko wapi.

Wanawake wote walikuwa wametoka. Yeye hakutoka. Kaltun alimpa Saynab mtoto, akakimbilia ndani, nami nyuma yake, haya nimeisahau. Tulimkuta chumba cha nyuma, amekaa chini sakafuni bila mkeka, pale panapobonyea, amenyoosha miguu yote miwili, amevua soksi. Macho amefumba. Nilidhani amezimia.

Akasema, bila kufumbua macho, tufunge mlango, joto linatoka.

Halafu akazungumza. Alisema alipokuwa msichana kule Hadado, mama yake alikuwa na magoti kama haya. Jioni walimchimbia mchanga uliopigwa na jua, wakamfukia miguu hadi mapajani, na yeye Shamso alikuwa anakaa karibu akimsimulia habari za malishoni mpaka mchanga upoe. Alisema hajapata joto la namna hiyo tangu alipohamia mjini. Alisema kwa Daud amekaa siku arobaini kama nyama kwenye friji, na hakutaka kumvunja moyo mwanawe. Na mzazi aliyetoka kujifungua, alisema, anatakiwa akae pahali pa joto, hata ng'ombe wanajua hivyo, na hii ndiyo nyumba ya kwanza aliyoiona iliyomfikiria mzazi kuanzia chini.

Kisha akafumbua macho, akanitazama mimi. Mimi! Usoni! Nikatazama chini, nikaona miguu yake, nikatazama dari. Akauliza, "Jelle, mwanangu, nani amekufundisha hii?"

Kulikuwa na njia mbili. Nilichagua ya pili. Nilisema, Hooyo, mama yangu, tangu mwanzo nilikuwa nafikiria magoti yako.

Kaltun alikohoa kama alivyokohoa kaka yake siku ile. Ni ukoo wao. Lakini alipopita kando yangu kwenda kumchukua mtoto alinigusa mkono, ule ulioungua.

Hawajaondoka. Wote wako ndani sasa. Nasikia Yurub analia ndani ya nyumba yangu na ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Jumapili, 27 Julai

Kaltun ameamka alfajiri akaenda uani, akaweka kiganja kwenye lile pipa, akapanda ngazi akagusa tangi la juu. Akashuka akanieleza, kwa utaratibu, huku akinyonyesha. Usiku upepo unalipoza tangi, kwa hiyo koki ya sebule ifunguliwe alfajiri na ifungwe saa mbili, hapo ndani patakalika hata mchana. Koki ya chumba cha nyuma ifunguliwe alasiri, robo saa tu, si masaa matatu, na mama atakuwa na sakafu ya uvuguvugu hadi asubuhi. Ubaridi huku, joto kule, tangi moja. Amefunga kitambaa cheupe koki moja na chekundu nyingine, na ameandika saa ukutani kwa makaa.

Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo. Bahati nzuri nilikuwa nimesisitiza koki mbili.

Amekumbuka pia kwamba mama anahitaji kulala. Godoro la wageni liko wapi? Nilieleza liliko. Kaltun akaitazama sakafu. Mama mkwe akauambia ukuta, akiwa upande wa pili, kwamba godoro halihitaji, mkeka unamtosha, na kwamba atakaa mpaka Yurub atembee.

Mwaka mzima.

Jumanne, 29 Julai

Maisha mapya. Sebule baridi, chumba cha nyuma vuguvugu. Mama mkwe anatembea hadi langoni bila fimbo. Mimi nala jikoni nikiwa nimesimama, kwa ajili ya haya, na usiku nalala sebuleni na Yurub kifuani mpaka Kaltun aje amchukue. Daud anakuja kila jioni, anasema amemfuata mama yake, lakini nimemkuta ameegemea ukuta wa chumba cha nyuma, kavua viatu, anatafuta pahali pa joto kwa nyayo. Nilimletea chai, mkubwa ni mkubwa.

Mama mkwe ameona daftari hili na kuuliza nini kimeandikwa. Hasomi Kiswahili, namshukuru Mungu. Nilimwambia ni dua. Akaitikia amina.

Abdow ametuma ujumbe mwingine. Kumbe huko Norwei wanalaza paipu hizo hata nje, chini ya njia ya kuingilia nyumbani, ili theluji iyeyuke yenyewe na mtu asiteleze! Nimesikiliza mara sita. Najua Garissa haina theluji. Nimelifikiria hilo. Ndiyo faida yenyewe: paipu hazitakuwa na kazi ngumu. Kutoka lango hadi mlangoni ni hatua kumi na nane, nimepima. Zile paipu zenye tundu bado ziko nyuma ya nyumba, na tundu zinazibika. Kitakachohitajika ni tangi la pili, kubwa zaidi. Jeusi ni imara.

Kaltun ameniuliza kwa nini napima njia. Nimemwambia nataka kujua Yurub atatembea hatua ngapi siku ya kwanza. Akanitazama jinsi anavyonitazama. Nikaona nimtoke machoni, na adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaanza, nikaenda kwenye mfereji kutawadha.

Nimeungua mkono.